Matofali ya Bluu na Mwanga wa Kwanza

Siku ile tulipofungua tanuru tulikuwa watu wanane, na nitawataja wote, ingawa majina yao ninawaachia wenyewe. Nilikuwepo mimi, dada mkubwa, mwenye tanuru. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, fundi wa pikipiki wa Cibitoke, aliyekuja na pikipiki ya mteja akisema anaijaribu breki. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana wa chuo kikuu, amekumbatia bahasha ya karatasi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwepo jirani yangu wa kazi, mama mjane kutoka Uvira, ambaye tanuru lake na langu yametenganishwa na njia ya mkokoteni tu. Alikuwepo fundi mwashi, Mwislamu wa Buyenzi ambaye hata babu yake alijenga nyumba za mji huu, amekuja kuchagua matofali ya ukuta huko Mutanga Nord. Na walikuwepo wabebaji watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Ni hao wanane, pamoja na ndege weupe wa mashamba ya mpunga, ambao huja huku kwetu Buterere, pembezoni mwa mji, kila tunapochimba udongo.

Mdogo wangu wa mwisho alikuja kufanya mazoezi. Baada ya siku kumi na mbili alitakiwa asimame mbele ya walimu watatu kuitetea memwari yake, lile andiko refu ambalo mwanafunzi wa fizikia hawezi kumaliza chuo bila kuliandika. Nakala zilizofungwa vizuri zilitakiwa ofisini Alhamisi. Alikuwa ameshaongezewa muda mara moja, na hakuna anayeongezewa mara mbili. Akishindwa, mwaka mzima unarudiwa, na shule iliyokuwa inamngojea afundishe fizikia ingemchukua mwingine.

Mimi pia nilikuwa na langu katika jambo hilo. Mama alipokuwa amelala kitandani mara ya mwisho, baba akiwa ameshatangulia mwaka mmoja, aliniambia watoto wafike mwisho wa shule. Hakusema shule gani wala mwisho upi. Nilikuwa darasa la sita. Wiki iliyofuata nilikuwa Buterere na tofali kumi kichwani. Mdogo wangu wa kiume alifika sekondari, akaona injini, akaniomba ruhusa ya kuacha. Nilikataa miezi minane, halafu nikakubali, na sijutii, kwa sababu ni fundi mzuri. Lakini kuanzia hapo "mwisho wa shule" ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja.

Kwake niliweka sheria moja, na niliiweka akiwa bado hajaota meno ya pili: mguu wako usiingie kwenye shimo la udongo. Atakuja tanuruni kuleta chakula, atakaa juu ya matofali yaliyopoa asome, lakini shimoni haingii. Nilijua jinsi shimo linavyofanya kazi. Leo unashuka kusaidia kidogo, kesho kuna mtu anaumwa unashuka badala yake, na mwezi ujao daftari limeliwa na mchwa.

Sasa nieleze kidogo kuhusu tanuru, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa kosa langu. Tofali mbichi zikikauka tunazipanga kama nyumba isiyo na vyumba, tunaacha midomo chini ya kuingizia kuni na pumba za mpunga, tunakandika nje kwa udongo, tunawasha. Moto unalishwa siku mbili bila kuachwa. Halafu tunaziba midomo na kungoja wiki nzima. Tanuru likishapoa, huhitaji kuwa ulikuwepo wakati wa moto ili ujue moto ulipita wapi. Unasoma matofali. Yaliyokaa karibu na midomo, pale palipowaka kwa ukali zaidi, hutoka ya bluu iliyokolea, karibu nyeusi, na mengine huota ngozi kama kioo. Ya katikati hutoka mekundu, na ukiyagonga mawili yanalia. Ya pembeni, yaliyopigwa na upepo, hutoka na rangi ya chungwa iliyofifia, na hayo mwashi huyasukuma kwa mguu bila kusema neno. Mtu aliyekaa kazini miaka kama yangu anaweza kutembea juu ya tanuru lililofunguliwa na kukuambia saa ngapi mlishaji wa moto alisinzia.

Basi mdogo wangu alitoa picha kwenye bahasha, akaibandika kwenye ukuta wa tanuru kwa madonge manne ya udongo mbichi, moja kila pembe. Picha ilikuwa na umbo la yai lililolazwa, imejaa madoa mekundu, ya manjano na ya bluu, kama kitenge kilichochujuka.

"Iko ramani ya nchi gani hii?" fundi mwashi aliuliza. "Mi sioni hata barabara."

"Ni ramani ya mbingu yote, fundi. Ni picha ya joto la mwanga wa kwanza."

Akaanza. Alisimama vizuri, mgongo umenyooka, na nilifurahi. Alisema kwamba hapo zamani kabisa ulimwengu wote ulikuwa moto na umebanana, na mwanga ulikuwa umefungwa ndani yake kama ndani ya ukungu, unagonga huku na huku bila njia ya kutoka.

"Sawasawa na tanuru tukishaziba midomo," alisema mama wa Uvira.

"Ndiyo, mama. Halafu ulimwengu ukapanuka, ukapoa, ukungu ukafunguka kila mahali kwa wakati karibu mmoja, na mwanga ukatoka. Mwanga huo bado unasafiri. Unafika hapa kutoka kila upande, mchana na usiku. Hata sasa."

Fundi wa pikipiki alitazama juu, akanyoosha mkono kama anayepima mvua. "Hata sasa? Mi sisikii joto."

"Umepoa, kaka. Umebaki na digrii karibu tatu tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, ile isiyo na baridi nyingine chini yake."

"Tatu! Hiyo inahitaji betri mupya."

Wabebaji walicheka. Fundi mwashi hakucheka, alikuwa ameshika kidevu. "We binti, ngoja kwanza. Mbele ya huo moto, iko nini? Nani aliuwasha?"

"Memwari yangu inaanza moto ukiwa tayari unawaka, fundi."

"Bon. Basi mbele ya hapo ni upande yangu. Endelea, binti, Alhamdulillah."

Akaendelea. Alisema joto la mwanga huo ni lilelile kila upande wa mbingu, isipokuwa tofauti ndogo sana, kiasi cha sehemu moja kwa laki moja. Aliona nyuso zetu zimebaki vilevile, akageukia tanuru. "Tanuru la dada lina tofali elfu kumi. Chukua matanuru kumi kama hili. Katika yote hayo, ongeza tofali moja. Tofauti ni hiyo."

"Mutu ataona hiyo tofali moja?" aliuliza mwanamume mbebaji.

"Wameiona. Walipeleka vyombo juu, mbali na joto la dunia, vikapima kwa miaka mingi. Na hayo madoa ndiyo hayo. Bila tofauti hiyo ndogo kusingekuwa na nyota, wala udongo, wala sisi. Palipokuwa pazito kidogo kuliko pengine palivuta vitu, vikakusanyika, vikawa makundi ya nyota."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mekundu na niliifuata hotuba yake yote. Zaidi ya kuifuata, nilikuwa ninaisoma picha mwenyewe. Niliona midomo ya tanuru iko wapi, niliona upepo ulipiga upande gani. Palipokuwa na bluu nilisema moyoni, hapa moto ulikula. Palipokuwa pekundu nilisema, hapa ni pa kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu alipoingia chuo kikuu niliona kitu chake na sikuhitaji kutafsiriwa.

Ndipo akasema: "Nyekundu ni joto zaidi, bluu ni baridi zaidi."

Wabebaji wakacheka kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

"Apana, mutoto," alisema fundi mwashi. "Iko mutu alikudanganya. Bluu ndiyo ilikula moto. Uliza dada yako."

"Ni rangi tu, fundi. Watu wamekubaliana zitumike hivyo ili wasomaji wote waelewane."

"Wamekubaliana na nani? Hapa hawakupita."

Mdogo wangu mwenyewe alicheka, na jambo lingeweza kuishia hapo. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimenikaa kichwani. Kila jioni mwaka ule, nikiosha miguu, alikuwa ananisomea alichoandika siku hiyo, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili changu. Sehemu kubwa ilinipita. Nyingine ilibaki.

"Umesema penye uzito ndipo nyota zilikusanyika," nilimwambia. "Penye uzito palikuwa na joto zaidi?"

"Ndiyo, dada. Palibanana zaidi, kwa hiyo palikuwa na joto zaidi."

"Basi pale ni pekundu."

"Ndiyo."

"Lakini wiki iliyopita ulinisomea kwamba madoa makubwa ya baridi ndiyo yaliyokuwa mahali pazito. Nimekumbuka sasa uliposema baridi ni bluu, kwa sababu kwangu bluu ndipo moto ulipokula."

Akachukua bahasha, akapekua karatasi, akasimamisha kidole kwenye ukurasa mmoja, halafu akageuza kurasa na kusimamisha kidole kingine. Sentensi zote mbili zilikuwemo. Moja ilisema mahali pazito palikuwa na joto zaidi, na nyingine ilisema palionekana baridi zaidi. Alikuwa amezitoa kwenye vitabu viwili tofauti, zote kwa mwandiko wake mzuri, na hakuwahi kuzisoma siku moja.

Aliibandua picha bila kuifuta. Madonge ya udongo yaliondoka nayo. Akasema kichwa kinamuuma, akaenda kutafuta basi.

"Dada, ungengoja siku ingine," alisema mdogo wangu wa kiume.

"Siku gani? Ile ya mbele ya walimu?"

Aliiwasha pikipiki ya mteja, na niliona breki zake bado hazijatengenezwa.

Mimi siamini kwamba mtu anayempenda mwenzake anapaswa kunyamaza. Tofali lenye ufa hugunduliwa chini, likiwa mkononi, kabla halijaingia ukutani. Hata hivyo usiku ule kitinda mimba wetu alikula akinipa mgongo, na jioni iliyofuata hakunisomea kitu.

Jumatatu alimpigia simu mwalimu wake msimamizi, ambaye alikuwa safarini. Mwalimu alimwambia sentensi zote mbili zinaweza kuwa za kweli, lakini lazima ajue kwa nini, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hunaswa. Kama hawezi kueleza, autoe ukurasa wote wa madoa makubwa, abaki na mengine. Memwari ingepita hata bila ukurasa huo, labda.

"Nitautoa," aliniambia.

"Ni wa uongo?"

"Si wa uongo. Hesabu yake ninaiweza, inatoka vizuri. Ila sijui inasema nini."

"Kama ni wa uongo utoe. Kama ni wa kweli, hujamaliza nao."

"Dada, nimebakiza siku mbili."

"Mbili ni nyingi. Tanuru linaiva kwa mbili."

Aliniangalia kwa hasira iliyonifanya nimstahi, kwa sababu ilikuwa ya mtu mzima.

Jumanne alikuja Buterere na karatasi zake, akakaa kwenye kivuli cha nyasi za kufunikia matofali. Hakusoma. Alitazama shimo. Shimo langu lina pande mbili. Upande mmoja ni wa kina cha kiuno. Upande wa pili, penye udongo mzuri zaidi, unashuka hadi mara mbili ya urefu wa mtu, na njia ya kupandia imechongwa kwa jembe na inateleza. Wale wanawake wawili wabebaji walikuwa wanatoa udongo kwa mabeseni. Mwenye nguvu zaidi huwa ninamweka upande wa kina. Anaanza kupanda akiimba, mwenzake wa upande mfupi haimbi. Wakifika juu, wa upande mfupi anamwaga beseni na kupiga soga, na yule mwenye nguvu sauti imemkatika, mikono kiunoni.

Mdogo wangu alitazama hilo labda mara ishirini. Halafu akasimama, akavua viatu.

"Dada, nipe beseni."

"Apana."

"Mara moja tu."

"Nimesema apana. Wewe shimoni huingii. Kwa sheria hiyo ndiyo umefika hapo ulipo."

"Wewe umepanda hapo mara ngapi?"

Mama wa Uvira, aliyekuwa anafyatua matofali upande wake, alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye kalibu: "Mwache ashuke, mama. Shimo haimukuli. Ina miaka kumi haijakula hata miye."

Akashuka. Alishuka upande wa kina, akajaza beseni lake zaidi ya ilivyohitajika, kama wote wanaoanza, akapanda. Katikati aliteleza akashika ukuta. Alipofika juu alikuwa anahema, udongo umemwagika shingoni, na nilitaka kumpiga na kumkumbatia vyote pamoja. Alikaa chini palepale.

"Mwanga pia unapanda," alisema.

"Pumua kwanza."

"Sikiliza, dada. Penye uzito panavuta. Mwanga unaotoka hapo unavutwa nyuma, lazima upande ndipo utoke. Unaanza na joto kuliko wenzake, ni kweli. Lakini kupanda kunakula zaidi ya kile ulichozidi nacho. Ukifika kwetu huku juu umekuwa baridi kuliko wale waliotoka mahali pepesi. Hesabu inasema hivyo. Nimeiandika mara kumi, na sikuiona."

"Kwa hiyo bluu ilikula moto."

"Ilikula moto, dada. Imechoka njiani tu." Halafu, kwa sababu ni mtu wa haki, aliongeza: "Hiyo ni kwa madoa makubwa. Madogo yana habari nyingine kabisa, usije ukawaambia watu nimesema ni yote."

Sijawaambia. Naandika hapa alivyosema: ni makubwa tu.

Sikuwa sahihi mimi, na nataka hilo lieleweke. Nilisoma rangi ambazo watu wengine walizichagua kwa sababu zao, nikazipa maana ya tanuru langu. Lilikuwa kosa, na mwashi alilifanya pamoja nami, na wabebaji pia. Lakini kwa sababu ya kosa hilo nilikumbuka sentensi ambayo msomi angeipita bila kusimama. Ukurasa ulibaki. Aliuandika upya usiku huohuo, na Alhamisi nakala zilifika ofisini kabla hawajafunga.

Siku ya kutetea ilikuwa imepangwa Jumatano ya wiki iliyofuata, nami nilikuwa nimepanga kuwasha tanuru jipya Ijumaa iliyotangulia, moto uishe Jumapili. Niliwasha. Jumamosi asubuhi ujumbe ukaja: mmoja wa walimu anasafiri, kwa hiyo wanafunzi wawili watasikilizwa leo, saa nane mchana, na wa kwanza ni yeye.

Tanuru lililowashwa haliachwi. Ukiliacha nusu ya njia, tofali elfu kumi zinatoka na rangi ile ya chungwa, na hazirudiwi, kwa sababu zikishaonja moto kidogo haziwi udongo tena wala haziwi tofali. Wabebaji wanajua kubeba, hawajui kulisha. Nilisimama mbele ya midomo na kuni mkononi, mdogo wangu wa kiume akiwa amekuja kunichukua, safari hii na pikipiki yake mwenyewe.

Mama wa Uvira alivuka njia ya mkokoteni, akanipokonya kuni.

"Enda."

"Mama, nawe uko na tofali zako mbichi kule. Mawingu hayo unayaona."

"Nayaona. Yalikuwa huko jana, na juzi pia. Enda ukaoge, unanuka moshi, walimu watakimbia."

Sisi wa matanuru tuna desturi yetu. Siku hulipwa kwa siku. Aliyekulishia moto utamlishia moto, aliyekupangia tofali utampangia. Hatulipani kitu kingine, na anayeleta bahasha ya shukrani humwambia mwenzake kwamba hataki kumwona tena. Kwa hiyo nilijua ninachokichukua. Nilichukua.

Ukumbini nilikaa mstari wa pili, kwenye kitenge changu cha sherehe, mikono nimeificha chini ya mkoba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameacha kreti mbili za soda mlangoni, kwa sababu kwetu hakuna anayetetea memwari bila watu wake kunywa kitu baadaye. Walimu watatu walikuwa mezani. Yeye alisimama mbele, na ukutani nyuma yake lile yai la madoa, kubwa kuliko mlango.

Alikuwa amefika katikati mvua iliponyesha. Ilipiga mabati kiasi kwamba mwalimu mmoja aliegemea mbele ili asikie. Mdogo wangu alipandisha sauti na kuendelea. Mimi nilikuwa mahali pawili. Niliona mistari ya tofali mbichi za mama wa Uvira chini ya nyasi zao nyembamba, na nikajua mvua ya namna hii inataka mtu mmoja wa kufunika kwa turubai na mtu mmoja wa kulisha moto, na pale palikuwa na mmoja tu. Sikusimama. Kama ningesimama ningekuwa nimepoteza pande zote mbili.

Mwalimu wa katikati alifungua nakala, akaweka kidole kwenye ukurasa, akasema kwa Kifaransa cha taratibu ambacho hata mimi nilikipata: hapa umeandika kwamba madoa makubwa ya baridi ni mahali palipokuwa pazito, na wengi huandika kinyume. Nieleze bila hesabu.

Aliwaeleza shimo. Aliwaeleza upande wa kiuno na upande wa kina, na mwanamke anayeanza akiimba na kufika sauti imemkatika. Kifaransa chake kilikuwa kizuri hadi sikuhitaji kukielewa chote, niliona mikono yake inapanda. Mwalimu hakutabasamu. Aliandika kitu, akageuza ukurasa. Mwingine aliuliza juu ya madoa madogo, swali refu, akajibu nusu, na nusu nyingine akasema hajui, na aliposema hajui aliwatazama machoni.

Walitutoa nje, wakaturudisha. Amepita, na distinksyo juu yake, alama ya waliofanya vizuri sana. Mdogo wangu wa kiume alilia wazi mbele ya watu, fundi mzima wa pikipiki, kisha akasema ni vumbi, na mvua bado ilikuwa inanyesha. Mimi sikulia. Nilimwambia Mama kimoyomoyo kwamba huu ndio mwisho niliouona, kama kuna mwingine aniambie.

Nilikunywa soda nusu, nikaomba nirudishwe Buterere.

Mama wa Uvira alikuwa amekaa mbele ya midomo, uso mweusi kwa moshi, ameloa mgongo. Moto wangu ulikuwa unavuta vizuri.

"Amepita?"

"Amepita, mama."

"Walimuuliza ile ya bluu?"

"Walimuuliza."

"Bon." Akasukuma ukuni ndani. "Usitazame upande wangu kwanza. Kaa, lisha, mi niende kuoga."

Nilitazama. Mistari minne ya mbele ilikuwa imerudi udongo, kingo zimelala chini kama ugali uliomwagika. Turubai lilikuwa limekunjwa palepale alipoliweka asubuhi, halikufunguliwa. Alikuwa na mikono miwili na alichagua tanuru langu.

Alirudi, akakataa nibaki peke yangu, akalisha pamoja nami mpaka Jumapili moto ulipoisha. Nilipofungua mdomo kusema juu ya mistari minne alinikata. "Mi nilikaa moto siku mbili. Utakaa moto siku mbili. Na tofali tutafyatua na mikono yako. Iko kitu ingine?"

Hakukuwa na kitu kingine. Mdogo wangu sasa anafundisha, na ile picha ya yai iko ukutani kwetu, na alama nne za udongo kwenye pembe. Ameniomba siku moja kati ya zile mbili iwe yake, akae yeye mbele ya midomo. Sijamjibu. Deni ni langu, lakini yeye pia amelipanda lile shimo, na siwezi tena kumwambia kwamba hajui njia.

Kwa sasa hakuna wa kuwasha chochote. Tangu mvua ile maji hayajatoka kwenye mashimo ya Buterere, na shimo la mama wa Uvira liko chini kuliko langu. Asubuhi, kabla sijaenda kwangu, ninapita kwake, ninatumbukiza ufito hadi chini na kuangalia maji yamefika wapi, maana yakikauka tu tutaanza kufyatua zile tofali zake. Juzi yalikuwa kiunoni. Leo yako juu kidogo ya goti.